Akaunti ya wingu si tokeni ya stima

Mhariri,

Anayenunua tokeni za stima anajua kwamba zikiisha, taa inazima na deni halipo. Watafiti wengi wa hapa Nairobi wakifungua akaunti ya wingu, yaani ya kompyuta na hifadhi za kukodi mtandaoni, huandika bajeti ya dola 500 kwa mwezi, kisha hutulia wakiamini wamenunua tokeni. Walichoweka ni kengele. Wingu huhesabu kama ile mita ya zamani ya kulipia baadaye: unatumia, bili inafuata, na hakuna fundi anayekuja kukata waya ukifikia kiasi ulichokusudia.

Kosa hilo moja huzaa sehemu kubwa ya matatizo ya pesa kwenye majukwaa ya utafiti ya mtandaoni. Tungependa vyuo, taasisi na hasa idara za fedha zilizingatie kabla ya kutia sahihi bajeti nyingine yenye mstari mmoja mtupu ulioandikwa “huduma za kompyuta”.

Chukua mfano wa Terra, jukwaa la kuchanganua data ya jenetiki lililojengwa na Taasisi ya Broad ya Marekani pamoja na Microsoft na Verily. Terra haikutozi kwa kuingia. Gharama hutoka kwa Google Cloud, wingu la Google lililo chini yake, na hupitia ngazi tatu. Juu kabisa kuna akaunti ya malipo ya Google, penye kadi au makubaliano ya ankara. Chini yake kuna mradi wa malipo ndani ya Terra, ambao ni kama kifungu cha bajeti. Chini zaidi kuna vyumba vya kazi, kila chumba na mradi wake wa Google na ndoo yake ya kuhifadhia faili. Pesa zikivuja, huvujia chumbani. Anayelipa yuko ngazi mbili juu na haoni kitu.

Kuunganisha ngazi hizo si kazi ngumu. Mwenye akaunti ya malipo huingia kwenye konsoli (ukurasa wa usimamizi) ya Google Cloud na kuiongeza anwani terra-billing@terra.bio kama mtumiaji wa akaunti hiyo. Awe mtumiaji tu, si msimamizi: cheo hicho kinatosha kuiwezesha Terra kuunganisha miradi mipya, na hakiipi uwezo wa kugusa kadi wala kufunga akaunti. Kisha anarudi Terra, anaunda mradi wa malipo na kuchagua akaunti aliyoiunganisha. Akaunti isipoonekana kwenye orodha, ama anwani imekosewa herufi, ama aliyeingia Terra ametumia barua pepe tofauti na ile yenye haki upande wa Google. Hili la pili huwasumbua sana walio na anwani ya chuo na ya Gmail kwenye kivinjari kimoja.

Swali zito ni akaunti iwe ya nani. Iwe ya taasisi, ifunguliwe kwa barua pepe ya ofisi, na iwe na wasimamizi wawili au zaidi, mmoja wa idara ya fedha na mwingine wa upande wa kompyuta. Mtafiti mkuu apewe cheo cha mtumiaji ili aweze kuunda miradi. Wanafunzi wasipewe chochote kwenye ngazi hiyo. Wao wataongezwa kwenye chumba cha kazi, na hata huko ruhusa ya kuendesha mashine hutolewa peke yake, kando na ruhusa ya kuandika. Akaunti ikisimama kwa jina na kadi ya mwanafunzi wa uzamifu, siku anayohitimu na anwani yake ya chuo kufungwa hakuna wa kubadilisha kadi. Malipo yakikwama Google husimamisha akaunti, mashine huzimwa, na data ya miaka mitatu hubaki imefungiwa nyuma ya nywila ya mtu aliyekwisha kuhamia kwingine.

Google humpa mteja mpya dola 300 za kujaribia, za kutumika ndani ya siku 90. Zinafaa kwa kujifunza, na zinafaa zaidi kwa kuendesha sampuli tano ili kujua gharama ya sampuli moja kabla ya kuandika ombi la ufadhili. Hazifai kuanzishia mradi wenyewe. Muda ukiisha kabla akaunti haijapandishwa kuwa ya kulipia, kila kitu husimama na zinabaki siku 30 za kuokoa vilivyomo. Mashine zenye GPU (vichakataji maalumu vya hesabu nzito) hazipatikani kabisa kwa pesa hizo.

Kuhusu kulipa, kadi ndiyo njia ya kawaida. Google huikata mwisho wa mwezi au gharama zinapofikia kiwango fulani, lolote litakalotangulia, kwa hivyo kadi yaweza kugongwa tarehe 9 wakati hakuna aliyejiandaa. Kadi pepe ya Visa ya M-Pesa, iliyoanza 2022, hutegemea salio lililopo wakati huo, na muamala mmoja wa M-Pesa hauvuki shilingi 250,000. Hiyo ni ya kujifunzia.

Idara za ununuzi nazo hupenda LPO (hati ya kuagiza bidhaa), na LPO hutaka bei kamili, ilhali wingu halina bei kamili. Njia inayofanya kazi ni kupitia muuzaji wa hapa nchini aliyeidhinishwa na Google, Amazon au Microsoft, anayetoa ankara kwa shilingi chini ya mkataba wa mwaka wenye kikomo. Kabla ya kutia sahihi muulizeni ni nani atakayekuwa msimamizi wa akaunti, kama atakubali kuongeza anwani ya Terra, na kama mtaona gharama za kila mradi kwa undani. Akisema mtapata jumla moja kwa mwezi, tafuteni mwingine.

Bei za msingi ni za dola. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160. Baadaye mwaka huo ikawa karibu 129. Matumizi yale yale ya dola 1,000 yalishuka kutoka 160,000 hadi 129,000 bila mtafiti kuinua kidole, na yangeweza kupanda vivyo hivyo. Bajeti iandikwe kwa dola, na nafasi ya kuyumba iachwe upande wa shilingi. Ongezeni VAT ya asilimia 16, kwa maana bei zilizotangazwa haziijumuishi, na chuo kwa kawaida hakiwezi kuidai tena kwa kuwa elimu imesamehewa kodi hiyo.

Sasa turudi kwenye kengele, maana hapa ndipo pesa hupotea kwa wingi.

Ukiweka bajeti kwenye Google, mfumo hutuma barua pepe gharama zikifika asilimia 50, 90 na 100. Kwanza, barua hizo huenda kwa wasimamizi na watumiaji wa akaunti ya malipo, kama mhasibu, ambaye hajui tofauti ya mashine na ndoo, badala ya mwanafunzi aliyeacha mashine ikiwaka. Wapokeaji wengine wanaweza kuongezwa. Waongezwe siku ile ile. Pili, gharama hazionekani papo hapo. Huchukua saa kadhaa, wakati mwingine zaidi ya siku nzima, kufika kwenye ripoti. Kazi iliyoanzishwa Ijumaa jioni yaweza kuvuka bajeti, kurudi na kuivuka tena kabla barua ya kwanza haijasomwa Jumatatu. Tatu, na hili ndilo la msingi, barua haizimi kitu. Bajeti za Amazon nazo huanza kama kengele tupu hadi mtu aziongezee hatua za kuchukuliwa.

Breki halisi ni kikomo cha mashine. Kila mradi wa Google una mgao wa idadi ya vichakataji (CPU) unavyoweza kuwasha kwa pamoja, na mgao huo unapunguzika. Tuseme umewekwa 24. Mashine ya aina ya n1 yenye vichakataji 4 na gigabaiti 15 za kumbukumbu hugharimu takriban senti 19 za dola kwa saa katika kituo cha Google cha Iowa, Marekani. Mashine sita kama hiyo ni dola 1.14 kwa saa. Kutoka Ijumaa saa kumi na moja jioni hadi Jumatatu saa mbili asubuhi ni saa 63. Kosa baya kabisa la wikendi nzima, kwa upande wa mashine za kawaida, litagharimu kama dola 72. Hiyo inaumiza, ila haiui mradi. Kikomo hiki hufanya kazi papo hapo, hakingoji ripoti.

Angalizo moja: mgao huwekwa kwa kila kituo, kwa hivyo ukipunguza wa Iowa pekee, mwizi aliyeokota ufunguo wako wa kidijitali wa kuingilia akaunti atawasha mashine Ulaya au Asia. Punguzeni mgao wa jumla wa vituo vyote, na ule wa GPU uwe sifuri mpaka atokee anayezihitaji kwa sababu iliyoandikwa. Funguo huibwa kwa njia rahisi mno: mwanafunzi anapakia programu yake GitHub, tovuti ya kushirikiana programu, huku faili ya ufunguo ikiwa ndani, roboti zinaiokota, na kabla ya jua kutua mashine zinachimba sarafu za kidijitali kwa gharama ya mfadhili.

Wapo wanaopendekeza mtambo wa kukata malipo wenyewe: bajeti ikivukwa, ujumbe unaiamsha programu ndogo inayoutenganisha mradi na akaunti ya malipo. Unawezekana, na Google yenyewe imeeleza jinsi ya kuutengeneza. Kwa mradi wa mafunzo usio na data ya maana, utumieni. Kwa mradi wenye data ya wagonjwa au sampuli zilizochukua miaka kukusanywa, msiuguse, kwa sababu mradi usio na akaunti ya malipo unaweza kufutiwa vilivyomo bila njia ya kuvirudisha. Afadhali programu hiyo izime mashine peke yake na kuziacha ndoo.

Ndoo nazo zina hesabu yake. Jenomu (data kamili ya jenetiki) ya mtu mmoja iliyosomwa mara 30, ikihifadhiwa kwa muundo wa CRAM, huchukua kama gigabaiti 20. Watu 200 ni gigabaiti 4,000. Hifadhi ya kawaida pale Iowa ni senti 2 za dola kwa gigabaiti kwa mwezi: dola 80, sawa na shilingi 10,320 dola ikiwa 129. Hizo ndizo huandikwa kwenye bajeti. Kisichoandikwa ni faili za kati zinazozaliwa njiani, ambazo kila hatua ya uchanganuzi huziacha ndani ya ndoo na hakuna anayezifungua tena. Zikifika gigabaiti 100 kwa kila mtu, ni gigabaiti 20,000, dola 400 kila mwezi, mara tano ya data yenyewe. Terra ina kisanduku cha kuweka alama ili faili hizo zifutwe kazi ikikamilika. Kiwekwe, ila baada ya majaribio kwisha: kazi iliyokwama njiani haifuti kitu, na faili za kati zikishafutwa, kuirudia kazi ni kuanza upya badala ya kuendelea pale ilipoishia.

Hata kufuta kwenyewe si kufuta mara moja. Tangu 2024 ndoo mpya za Google huja zikiwa na ulinzi unaoweka kila kilichofutwa kwa siku 7 zaidi, na siku hizo hulipiwa. Ulinzi huo ni mzuri kwa data ghafi. Kwa ndoo ya kazi inayoandika na kufuta faili nyingi kila siku, ni kulipia takataka. Punguzeni siku au muuzime hapo.

Kisha kuna hifadhi ya bei rahisi, ambayo wauzaji huisifu kuliko inavyostahili. Ngazi ya chini kabisa ni kama senti 0.12 za dola kwa gigabaiti kwa mwezi, hivyo zile gigabaiti 4,000 hushuka kutoka dola 80 hadi 4.80. Lakini kuzisoma tena ni senti 5 kwa gigabaiti, dola 200 kwa mara moja, na ukizifuta kabla ya siku 365 unatozwa siku zilizobaki. Ngazi za katikati zina masharti ya siku 30 na siku 90. Kanuni yetu ya mkono: kisichoguswa kwa mwaka kishuke, kingine chote kikae kilipo.

Gharama inayowashtua watu kuliko zote ni ya kutoa data nje. Kuingiza ni bure. Kutoa kwenda kwenye intaneti ni kama senti 12 za dola kwa gigabaiti kwa terabaiti ya kwanza na senti 11 kwa zinazofuata. Zile gigabaiti 4,000 zikishushwa hadi diski ya ofisini ni takriban dola 450, yaani shilingi 58,050, kwa safari moja. Na anayelipa ni mwenye chumba cha kazi, si anayeshusha. Mshirika mwenye ruhusa ya kusoma tu, ambaye hawezi kuwasha hata mashine moja, anaweza kukuachia bili hiyo kwa usiku mmoja. Dawa yake ni mpangilio wa anayeomba kulipa: ndoo ikiwekwa hivyo, anayeshusha hutaja mradi wake mwenyewe ndipo faili imfikie. Wachache huuwasha, nasi hatuelewi kwa nini.

Data ya umma isinakiliwe. Mkusanyiko uitwao “1000 Genomes”, ambao ndani yake wamo Waluhya wa Webuye, tayari uko kwenye wingu na hifadhi yake hailipiwi na mtafiti. Ukiunakili ndani ya ndoo yako, umeanza kulipia kitu ulichopewa bure. Andika njia ya faili, isome pale ilipo.

Kwa upande wa mashine, zile za bei ya chini ambazo Google inaweza kuzinyang'anya wakati wowote hupunguza gharama kwa asilimia 60 hadi 91. Onyo la kunyang'anywa ni sekunde 30. Kwa kazi fupi nyingi, za saa moja au mbili kila moja, ni dhahabu. Kwa kazi moja ya saa 20 ni hasara, kwani ikikatwa saa ya 19 inaanza mwanzo na umelipa zote. Waandaaji wa kazi wana kigezo cha kusema ijaribiwe mara ngapi kwa bei ya chini kabla ya kuhamia bei kamili. Mara 2 au 3 zinatosha.

Madaftari ya Jupyter (kurasa za kuandikia na kuendeshea programu) ndani ya Terra hulala yenyewe baada ya dakika 30 bila kuguswa, lakini hayalali iwapo kuna hesabu inayoendelea, hata ile iliyokwama ikijirudia bila mwisho. Na mashine ikilala, diski yake hailali. Diski ya gigabaiti 500 ni dola 20 kwa mwezi, iwe mashine inawaka au imezimwa tangu Krismasi.

Idara za fedha ziombe jambo moja siku ya kwanza: ripoti ya kina ya gharama ielekezwe BigQuery, hifadhidata ya Google. Rekodi za zamani hazirudishwi zote, kwa hivyo anayeiwasha mkaguzi wa hesabu akiwa mlangoni amechelewa. Kila mradi upewe lebo yenye namba ya ufadhili, iandikwe kwa herufi ndogo na kwa namna moja, maana “kemri-01” na “kemri01” ni vitu viwili mbele ya kompyuta.

Wahasibu wajue pia kwamba siku ya Google kwenye bili hufuata saa za magharibi ya Marekani. Usiku wa manane wa huko ni saa nne asubuhi hapa wakati wa kiangazi chao, saa tano miezi mingine. Kazi iliyofanyika Nairobi saa tatu asubuhi ya Julai 1 huingia kwenye bili ya Juni, na bili ya Juni huja Julai, vitabu vya mwaka wa serikali vikiwa vimekwisha kufungwa tarehe 30. Fedha hizo zitengwe kama deni linalojulikana kabla ya kufunga, la sivyo mfadhili atazikataa kwa kuwa zimeangukia mwaka usio wake.

Data ya watu ina sheria yake ya 2019, na kuipeleka nje ya nchi kunahitaji ulinzi unaoweza kuthibitishwa mbele ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Wengine kwa sababu hiyo huweka ndoo Johannesburg, ambako Google ina kituo tangu 2024. Sawa, lakini mashine nazo ziwe Johannesburg. Ndoo ikiwa kule na mashine zikiwa Iowa, kila faili inayosomwa inavuka bahari kwa malipo.

Ufadhili ukiisha, mpangilio wa kufunga ni muhimu kuliko wa kufungua. Data ya kutunzwa ihamishwe na ikaguliwe faili kwa faili kwanza. Ankara zote na ripoti za BigQuery zishushwe na kukabidhiwa mhasibu. Ndipo vyumba vya kazi vifutwe, mkikumbuka kwamba mradi wa Google uliofutwa unaweza kurudishwa ndani ya siku 30 lakini ndoo zake zaweza kutoweka mapema kuliko hapo. Kadi isiondolewe bado, wala akaunti ya malipo isifungwe, kwa sababu gharama za siku za mwisho huwa zingali njiani. Ingojwe ankara ya mwezi unaofuata, na ikija na sifuri, akaunti ifungwe.

Wasimamizi wa data ya utafiti,
Nairobi